Wanawake wa Kimennonite: ukimya ulianza lini?

Swali: "Nimezaliwa na kulelewa katika Kanisa la Mennonite Tanzania, mkoani Mara. Bibi yangu hakuwahi kuingia ibadani bila kitambaa cheupe kichwani, na sikumbuki kumsikia akisema neno mbele ya wanaume kanisani. Sasa binti yangu yuko chuoni Dar es Salaam. Yeye na wenzake walitazama filamu kuhusu wanawake wa koloni la Kimennonite, hawajui kusoma, wamedhulumiwa na wanaume wao wenyewe. Akanipigia simu usiku: 'Mama, hao ndio mama zetu wa imani? Kwa hiyo dini yetu ni ya wanawake kunyamaza?' Nilikosa la kumjibu. Naomba unieleze, walikuwa hivyo tangu mwanzo?"

Jibu:

Dada yangu, hawakuwa hivyo. Karne ya kwanza ya imani hii imejaa wanawake waliosema sana, tena mbele ya watu wenye uwezo wa kuwaua. Ukimya uliouona kwa bibi yako ulikuja baadaye. Una tarehe zake, una sababu zake, na sehemu yake kubwa ilisafiri kwa meli kutoka Pennsylvania. Hilo ndilo jibu la mwalimu wa historia ya kanisa, lakini binti yako anastahili maelezo, kwa hiyo niwie radhi nikienda mbali kidogo.

Tuanzie Zurich, Uswisi, tarehe 21 Januari 1525. Watu wachache walikusanyika usiku, na masimulizi mengi yanasema ni katika nyumba ya mama yake Felix Manz. Hapo Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, kisha wengine wakafuata. Wote walikuwa wamebatizwa wakiwa wachanga. Kwa kubatizana tena walikuwa wakitangaza kwamba ule wa utotoni haukuwa ubatizo, maana mtoto mchanga hawezi kuamini. Wapinzani wao wakawaita Waanabaptisti, yaani wenye kubatiza mara ya pili. Jina la Mennonite lilikuja baadaye kutokana na Menno Simons, padri wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, aliyeacha upadri mwaka 1536.

Tazama fundisho hilo lilimwambia nini mwanamke wa wakati ule. Alikuwa amebatizwa kwa uamuzi wa wazazi, akaozwa kwa uamuzi wa wazazi, na mahakamani mara nyingi alisemewa na mume. Sasa anasikia kwamba hakuna anayeweza kuamini kwa niaba yake: si baba, si mume, si padri, si baraza la mji. Atasimama mwenyewe, atatamka mwenyewe kwamba anaamini, na atabeba matokeo ya kauli yake mwenyewe. Viongozi wa kiume hawakuwa na nia ya kubadilisha nafasi ya mwanamke katika jamii, na wachungaji karibu wote walibaki kuwa wanaume. Lakini huwezi kumwambia mtu kwamba atajibu mwenyewe mbele za Mungu kisha ukategemea aendelee kusemewa na wengine mbele ya hakimu.

Serikali za miji zilielewa haraka. Margret Hottinger wa Zollikon, kijiji kilicho kando ya ziwa la Zurich, alikuwa miongoni mwa wanawake waliohukumiwa Machi 1526 kufungwa kwa mkate na maji pamoja na Grebel, Manz na Blaurock. Baadaye aliachiliwa. Mwaka 1530, akiwa na baba yake safarini kuelekea Moravia ambako waamini wengi walikimbilia, alikamatwa tena na kuuawa kwa kuzamishwa majini. Kuzamishwa ndiko kulikokuwa adhabu ya kawaida kwa wanawake, na kwa watu waliobatizwa upya wauaji waliona inawafaa zaidi. Mambo mengi tunayoyajua kuhusu Margret aliyaandika Johannes Kessler wa St. Gallen, ambaye hakuwapenda Waanabaptisti. Anakiri kwamba mwanamke huyu aliheshimika sana, kisha anadai alifikia hatua ya kujiita Mungu. Tangu siku za mwanzo kabisa, basi, picha ya mwanamke wa Kianabaptisti ilichorwa na mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza. Wanafunzi wangu huwa nawaomba wasisahau hilo wanaposoma kumbukumbu za mahakama. Mwenye kalamu alikuwa karani wa mashtaka.

Hata hivyo, makarani hao hao wakati mwingine walituachia sauti zenyewe. Binti yako nitamwonyesha mmoja kwanza, Lijsbeth Dirks, ambaye wengine huandika jina lake Elisabeth. Alilelewa katika nyumba ya watawa, akajifunza Kilatini huko, akatoroka, na akaishia Leeuwarden katika Friesland akiwafundisha wenzake Maandiko. Walimkamata Januari 1549. Nyumbani mwake walikuta Agano la Kilatini, na mmoja wa waliomkamata akafurahi kwamba wamempata mtu waliyemtaka, sasa wanaye yule mwalimu. Walidhani pia ni mke wa Menno Simons. Hawakuweza kufikiri kwamba mwanamke mwenye elimu kama ile anaweza kujitegemea bila kuwa mke wa mtu mkubwa.

Mbele ya baraza walimtaka ataje aliowafundisha. Akakataa. Wakamuuliza kama haamini kwamba ubatizo ndio unaomwokoa, akawajibu kwamba maji yote ya bahari hayawezi kumwokoa, wokovu uko kwa Kristo. Wakamuuliza juu ya sakramenti na mamlaka ya mapadri. Kila swali akalijibu kwa andiko, na mara kadhaa akaligeuza likawarudia wao. Walipoona maneno hayafui dafu wakamleta mtesaji. Vidole gumba na vya shahada vikabanwa kwa skrubu za chuma mpaka damu ikaruka kwenye kucha. Kisha wakageukia miguu. Hapo ndipo aliposema neno ambalo hunigusa kila ninapolisoma: aliwaomba wasimwaibishe, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyewahi kugusa mwili wake ulio wazi. Walimbana miguu hadi akazimia, wakadhani amekufa. Alipozinduka akawaambia yu hai. Hakumtaja mtu hata mmoja. Mwaka huo huo wa 1549 wakamtia ndani ya gunia na kumzamisha.

Huyo ni mama wa imani wa binti yako. Alijua Kilatini, alifundisha, na aliwashinda wasomi wa mji kwa hoja wakiwa wamemfunga.

Wengine hawakuwa na elimu hiyo na bado walisema. Anneken Hendriks, mwenye umri wa miaka 53, hakujua kusoma wala kuandika. Walipomchoma Amsterdam mwaka 1571 walimjaza baruti mdomoni ili asiwahutubie watu waliokuja kutazama. Maeyken Wens wa Antwerp, mke wa mhubiri, alichomwa tarehe 6 Oktoba 1573 ulimi wake ukiwa umebanwa kwa skrubu kwa sababu hiyo hiyo. Mwanawe mkubwa Adriaen, kijana wa miaka kama 15, alikwenda uwanjani akiwa amembeba mdogo wake wa miaka 3, akapanda juu ya benchi amwone mama yao kwa mara ya mwisho. Mama alipoletwa, kijana akazimia, hakuona kitu. Moto ulipozimika akaenda kuchakura majivu, akaiokota ile skrubu, akaihifadhi kuwa kumbukumbu. Mtu akikuambia kwamba wanawake hawa walikuwa wanyamavu kwa asili, muulize kwa nini serikali ililazimika kutumia chuma na baruti kuwanyamazisha.

Huko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, watawala walikumbana na tatizo la aina nyingine. Mwanamke mwenye watoto wadogo ukimfukuza nchini, nani atapika, nani atanyonyesha? Wakaamua kuwafunga minyororo ndani ya nyumba zao wenyewe. Mnyororo ulikuwa na urefu wa kumwezesha kufanya kazi za jikoni, lakini si wa kumfikisha kwa jirani, kwa sababu kwa jirani ndiko alikohubiri. Margarethe Hellwart wa Beutelsbach alifungwa hivyo mara nyingi mwanzoni mwa karne ya 17. Akawa anajinasua na kutoka, anakamatwa, anafungwa, anatoka tena, kwa miaka. Kumbukumbu za kanisa la serikali zinamlalamikia mara kwa mara kwamba anaendelea kuwashawishi wanawake wenzake. Hakuna aliyemwita mchungaji, wala hakuwa na mimbari, ila uenezaji wa imani wa siku hizo ulipita kwa watu kama yeye: jikoni, kisimani, kwenye kusokota sufu, kando ya kitanda cha mama aliyejifungua. Hata mikutano yenyewe ilifanyika majumbani, na mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mwanamke. Siku ya Pasaka ya mwaka 1528, katika mji wa Augsburg, watu 88 walikamatwa nyumbani kwa Susanna Daucher, mke wa mchongaji sanamu. Alikuwa mjamzito. Wakamfukuza mjini.

Sitaki kukupa hadithi ya mashujaa peke yake, kwa kuwa binti yako akija kusoma mengine atasema nimemficha. Kuna Münster. Mwaka 1534 Waanabaptisti waliokuwa wamechoka kuuawa waliuteka mji huo wa Ujerumani, na manabii wao wakatangaza ufalme wa Mungu. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume mle ndani. Julai 1534 viongozi wakaamuru ndoa za wake wengi, na mwanamke asiye na mume akalazimishwa kuwa chini ya mwanamume. Waliokataa walifungwa, wengine waliuawa. Mfalme wao Jan van Leiden mwenyewe alimkata kichwa mmoja wa wake zake hadharani, Elisabeth Wandscherer, aliyekuwa amechoshwa naye. Mji ulipoanguka Juni 1535 Ulaya nzima ilipata picha ya kudumu. Kwa zaidi ya miaka mia mbili baada ya hapo, mpinzani akitaka kuwachafua Waanabaptisti alitaja Münster, na wanawake wao wakasemwa kuwa ama wahuni ama wendawazimu waliopotoshwa na manabii. Wafuasi wa Menno walikuwa wamekataa upanga na kukataa ndoa hizo, lakini uvumi haukujali tofauti.

Nadhani hofu ya kufananishwa na Münster ni sababu mojawapo iliyowafanya wakaze nidhamu. Walitaka ionekane kwamba nyumba zao zina utulivu na ndoa zao ni safi. Nidhamu hiyo ikawaangukia wanawake kwa namna yake. Katika miaka ya 1550 kulizuka mjadala mkali wa kutengwa: mtu akitengwa na ushirika, je, mkewe naye amwepuke, asile naye wala kulala naye? Huko Emden, kaskazini mwa Ujerumani, Swaen Rutgers alikuwa na mume aliyetengwa. Akakataa kumwacha. Wazee wakali walitaka naye atengwe. Menno mwanzoni alimtetea, akaandika kwamba dhamiri za watu zisilazimishwe hivyo. Baadaye, chini ya shinikizo la wenzake, akalainika upande wao. Kanisa lililomfundisha mwanamke huyu kwamba ataamini kwa dhamiri yake lilipata tabu kuikubali dhamiri hiyo ilipowapinga wazee. Mvutano huo haujaisha hadi leo, na ningependa usiuruke unapozungumza na binti yako.

Mwaka 1660, huko Uholanzi, Thieleman van Braght alichapisha kitabu kikubwa cha wafiadini, ambacho kwa Kiswahili tungekiita Kioo cha Wafiadini. Toleo la mwaka 1685 lilitiwa michoro 104 ya Jan Luyken, na ndimo alimo Anneken Hendriks akifungwa kwenye ngazi mbele ya moto, na Adriaen akitafuta majivuni. Kati ya wafiadini wa Kianabaptisti waliomo, karibu theluthi moja ni wanawake. Kwa kitabu cha karne ya 17 hilo ni jambo la ajabu, na ndiyo sababu majina yao hayakupotea. Familia za Kimennonite Amerika zilikiweka kitabu hicho kando ya Biblia.

Lakini mhariri ni mhariri. Mchukue Anneken Jans wa Rotterdam. Aligunduliwa mwishoni mwa 1538 kwa sababu yeye na mwenzake waliimba wimbo wakiwa safarini, na abiria mmoja akawatilia shaka. Siku ya kuuawa, 24 Januari 1539, aliwaomba waliokuwa njiani yeyote ampokee mwanawe Esaias wa miezi 15, akatoa na mfuko wa fedha kwa atakayemlea. Mwokaji mikate mwenye watoto sita akamchukua. Alimwachia mtoto wasia ulioandikwa vizuri mno, na mama wa Kimennonite waliusoma kwa vizazi. Kitabu hakisisitizi kwamba Anneken alikuwa karibu na David Joris, nabii ambaye wafuasi wa Menno walimkataa, wala kwamba wimbo unaohusishwa naye unanguruma kisasi cha Mungu juu ya watesi. Tulichobakiwa nacho ni mama mpole anayemwaga machozi kwa mwanawe. Alikuwa huyo kweli, na alikuwa pia mwanamke mwenye maono makali ya siku za mwisho. Vizazi vilivyofuata vilimpenda yule wa kwanza, wakamsahau wa pili. Kidogo kidogo mfiadini mwanamke akawa mfano wa uvumilivu, na uhodari wake wa kusema ukawekwa pembeni.

Mateso yalipokoma, Wamennonite wakawa wakulima. Walivumiliwa kwa sharti la kukaa kimya, wasihubiri kwa majirani, wasisumbue. "Watulivu wa nchi" ndivyo walivyojulikana katika Ujerumani. Kanisa lililokuwa likikutana jikoni likapata jengo, jengo likapata mimbari, na mimbari ikakaliwa na wanaume waliochaguliwa kwa kura. Nafasi za mwanamke zile za siri na hatari hazikuwa na pa kushika tena. Sioni haja ya kumtafuta mbaya mmoja hapo. Ndivyo inavyokwenda kanisa la mateso linapogeuka kanisa la ukoo.

Sasa kitambaa cha bibi yako. Wanawake wa Ulaya wa karne ya 16 karibu wote walifunika vichwa, Wakatoliki, Walutheri na Waanabaptisti vilevile. Ukitazama michoro ya Luyken, mfiadini amevaa kama mwanamke yeyote wa Kiholanzi aliyesimama kando akimtazama. Kitambaa hakikuwa alama ya Umennonite. Wamennonite walianza kufika Pennsylvania mwaka 1683, na Lancaster, huko huko Pennsylvania, mwaka 1710, na kwa muda mrefu kofia zao za kitambaa zilikuwa mavazi tu ya watu wa shamba. Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 19. Mitindo ya mjini ikaingia mashambani kwa treni na kwa katalogi, vijana wakaanza kuhama, Kiingereza kikachukua nafasi ya Kijerumani. Viongozi wakatafuta mpaka unaoonekana kwa macho, na mpaka huo wakauweka juu ya mwili wa mwanamke. Mwaka 1898 Daniel Kauffman, katika kitabu chake cha mafundisho, alihesabu maagizo saba ya kanisa, na kufunika kichwa kwa mwanamke wakati wa ibada kukawekwa katika orodha moja na ubatizo na Meza ya Bwana. Andiko la 1 Wakorintho 11 lilikuwepo siku zote, ila kulipandisha hadi daraja hilo lilikuwa jambo la kizazi kile. Wanaume nao walipewa koti lisilo na kola, lakini aliyetengwa kwa sababu ya mavazi mara nyingi alikuwa mwanamke aliyevaa kofia ya dukani badala ya boneti, ile kofia ya kitambaa inayofungwa chini ya kidevu.

Katika miaka hiyo hiyo wanawake wa Kimennonite wa Marekani walikuwa wakijipanga kwa vikundi vya kushona na kuchangia misheni. Clara Eby Steiner wa Ohio aliviunganisha vikawa chama chenye fedha zake na maamuzi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 bodi ya misheni, ya wanaume, ikakiweka chini yake. Nasikitika kila ninapofika hapo, maana chama kile kilikuwa kikifanya kazi vizuri.

Basi hesabu miaka, dada yangu. Agizo la kitambaa lilipata sura yake rasmi 1898. Mwaka 1934, miaka 36 tu baadaye, Elam Stauffer na John Mosemann walifungua kituo Shirati, wakiwa wametumwa na bodi ya misheni ya Wamennonite wa Lancaster, ambao walikuwa miongoni mwa wenye kushika sana mavazi. Walileta walichokuwa nacho: kuoshana miguu, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, kukataa vita, na kitambaa cheupe. Bibi yako alikipokea kama sehemu ya injili yenyewe, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Nani angemweleza kwamba bibi za wale wamisionari walikivaa bila kukiita agizo?

Ila usimfanye bibi yako kuwa mtu wa kupokea tu. Kwanza, kati ya wamisionari walikuwemo wanawake wasio na waume, walimu na wauguzi, ambao kwao Lancaster hawakuruhusiwa kuhubiri, na huku wakaendesha shule na zahanati. Mwalimu Phebe Yoder, aliyefika miaka ya 1930, aliitumikia Mara kwa miongo kadhaa. Wasichana waliomwona waliona mwanamke anayeishi kwa kazi ya akili yake. Pili, mwaka 1942 uamsho ulipiga Shirati, sehemu ya uamsho ule mkubwa wa Afrika Mashariki ulioanzia Rwanda na Uganda. Katika mikutano ya uamsho hakuna aliyeuliza cheo. Mke aliweza kusimama mbele ya mumewe, mbele ya mchungaji na mbele ya Mzungu, akaungama, akatoa ushuhuda, akamtaka na mwingine aungame. Hapo utaona kitu kinachofanana sana na Zurich ya 1525: mtu anajibu mwenyewe. Kimya cha bibi yako ibadani Jumapili hakikuelezi alisema nini kwenye ushirika wa siku ya wiki.

Nije kwenye filamu. Kisa kilichoiibua ni cha kweli. Katika koloni la Manitoba, mkoa wa Santa Cruz, Bolivia, kati ya mwaka 2005 na 2009 wanawake na wasichana zaidi ya 100 walipuliziwa dawa ya usingizi usiku na kubakwa. Walipoamka na maumivu na damu waliambiwa ni mashetani, au ni mawazo yao. Wahalifu walikuwa wanaume wa koloni hilo hilo. Mwaka 2011 mahakama iliwahukumu saba kwa ubakaji kifungo cha miaka 25, na mwingine kwa kutoa dawa. Wanawake hao walitoa ushahidi ingawa wengi hawakujua Kihispania, lugha ya mahakama. Wanaongea Kijerumani cha Chini.

Ni Wamennonite, na sitakuambia umwambie binti yako kwamba si wetu. Lakini anapaswa kujua ni wa tawi gani. Mababu zao walihama Urusi kwenda Kanada katika miaka ya 1870, wakahama Kanada kwenda Meksiko mwaka 1922 walipolazimishwa shule za Kiingereza, na baadaye Bolivia. Kila uhamaji ulikuwa wa kuukwepa ulimwengu, na kila mara aliyefungiwa ndani zaidi alikuwa mwanamke: mwanamume angalau alikwenda sokoni kuuza jibini na kujifunza lugha ya nchi. Ukiongeza utii usiohojiwa kwa wazee, unapata mahali ambapo mwanamke hana wa kumwambia. Usidhani pia kwamba maovu ya namna hiyo hutokea tu walikokataa umeme. John Howard Yoder, mwanateolojia wa Kimennonite mashuhuri kuliko wote wa karne ya 20, msomi wa amani, aliwadhulumu kingono wanawake wengi kwa miaka, na wakubwa waliojua walishughulika kumlinda. Seminari aliyofundisha iliomba radhi hadharani mwaka 2015, miaka 18 baada ya kifo chake. Wanawake waliosema mapema hawakusikilizwa.

Kuna kundi lingine ambalo hakuna filamu iliyolipa umaarufu huo. Wamennonite wa Ukraine walinyang'anywa wanaume wao na polisi wa Stalin, hasa 1937 na 1938. Vita ilipofika, wapatao 35,000 walikimbia kuelekea magharibi mwaka 1943, wengi wakiwa wanawake, wazee na watoto kwenye mikokoteni. Karibu 23,000 walirudishwa kwa nguvu Urusi. Walionusurika walikwenda Kanada na Paraguay. Meli ya Volendam iliondoka Bremerhaven Februari 1947 na watu zaidi ya 2,000. Huko Chaco, Paraguay, wajane walifyeka msitu, wakajenga nyumba za udongo, wakachimba visima. Katika mikutano ya koloni, sauti rasmi ilibaki ya wanaume. Baadhi yao walikuwa wamebakwa na askari njiani, na kanisa lililowapokea halikujua liwaambie nini isipokuwa kuwauliza juu ya usafi wao. Ningependa binti yako awajue hao pia.

Uchungaji nitaupitia kwa haraka. Anne Zernike alisimikwa kuwa mchungaji wa Wamennonite wa Uholanzi mwaka 1911, mwanamke wa kwanza kuwa mchungaji nchini humo katika kanisa lolote. Mwaka huo huo Ann Allebach aliwekewa mikono Philadelphia, Marekani, kisha kwa miongo sita hivi karibu hakuna aliyefuata mpaka Emma Richards mwaka 1973. Kongo, ambako Wamennonite walifika 1912, kanisa la CMCo, yaani Jumuiya ya Wamennonite wa Kongo, liliwaweka wakfu wanawake wa kwanza mwaka 2013: Fabienne Kidinda, Sidonie Swana na Bercy Mundedi. Walikuwa wamehitimu teolojia miaka mingi kabla, wakifanya kazi ya uchungaji bila cheo chake. Ethiopia, utawala wa kijeshi wa Derg ulipolifunga kanisa la Meserete Kristos mwaka 1982, ibada zikarudi majumbani, na kanisa la watu wapatao 5,000 likatoka mafichoni 1991 likiwa na makumi ya maelfu. Majumbani, kama kule Augsburg, wanawake ndio walioshika mlango. Leo sehemu kubwa zaidi ya Wamennonite wa dunia wako Afrika. Mwanamke wa Kimennonite wa kawaida wa siku hizi anafanana na wewe kuliko na yule wa kwenye filamu, na bado ukiandika "mwanamke wa Mennonite" kwenye simu utaletewa boneti na farasi, tena mara nyingi ni picha za Waamishi, waliojitenga nasi mwaka 1693.

Mwambie binti yako asome habari za Lijsbeth kwanza, halafu za Bolivia, asiache hata moja. Kisha nina ombi kwako. Taarifa za misheni za miaka ya 1930 hadi 1960 zina majina ya wachungaji na mashemasi wa Mara, na za wanawake huandika "mke wa Fulani". Waliokuwa wasichana wakati wa uamsho sasa ni wachache sana. Ukienda nyumbani likizo hii, nenda na binti yako, mkae na bibi mmoja baada ya mwingine, mrekodi kwa simu. Muulizeni nani alimfundisha kabla ya ubatizo, alisema nini siku alipoungama, nani alimpa kitambaa cha kwanza na aliambiwa ni cha nini, nani alikataa kukivaa na akafanywa nini. Kila anayetajwa, andikeni jina lake alilopewa na wazazi wake. Mkipata hata masimulizi mawili, nitumie, nami nitayafundisha pamoja na haya ya Leeuwarden na Antwerp.